Wakala wa mgombea umeya: kazi ya kituoni kuanzia alfajiri hadi fomu ya matokeo

Kura za umeya zikipotea, kwa kawaida hupotelea mezani, kwenye fomu moja ya matokeo inayojazwa usiku na watu waliochoka. Wakala wa kuzilinda si lazima awe mkali wala mwanasheria. Inatosha ajue kuhesabu, aandike kila tarakimu anayoiona, na asiondoke kitini. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi: mawakala huondoka saa kumi na moja jioni, kura zinaanza kuhesabiwa saa kumi na mbili.

Kabla ya yote, jua meya wa mji wako anapatikanaje. Kuna miji ambako madiwani ndio wanaomchagua katika kikao cha baraza. Huko vita ni juu ya orodha ya wajumbe: nani ana haki ya kupiga kura, akidi imetimia au la, karatasi ni ngapi. Ukiwa na orodha iliyothibitishwa kwa maandishi kabla ya kikao, kazi imekwisha nusu. Yanayofuata hapa ni ya miji ambako wananchi wenyewe humpigia meya kura na kura huhesabiwa kwa mkono kituoni.

Jua pia mshindi hupatikanaje. Kwingine anayeongoza tu ndiye meya, hata akiwa na theluthi ya kura. Kwingine lazima avuke nusu, asipovuka kuna duru ya pili. Chicago mwaka 2023 Paul Vallas aliongoza duru ya kwanza ya Februari 28, lakini Aprili 4 Brandon Johnson, aliyekuwa wa pili, ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo penye duru ya pili usivunje kikosi cha mawakala usiku wa duru ya kwanza, na usiwaache waondoke na vitambulisho vyao vya uwakala. Kuwapanga upya ndani ya wiki chache ni kazi ngumu kuliko kuwapanga mara ya kwanza.

Kupanga watu

Mji wenye vituo 600 unahitaji mawakala 600, na akiba ya watu 60 hadi 90. Katika kila kumi, mmoja atauguliwa, atabadili mawazo, au jina lake litakuwa limeandikwa vibaya kwenye orodha. Hili la jina ndilo linaloudhi zaidi kwa sababu linazuilika. Jina kwenye barua ya uteuzi liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho, majina yote, kwa mpangilio uleule. Msimamizi wa kituo asiyekutaka hahitaji sababu nyingine ya kukurudisha mlangoni. Angalia na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha orodha pamoja na siku ya kiapo kama kipo. Asiyeapa haingii, hata awe na barua tatu.

Juu ya kila vituo vinane hadi kumi, weka mratibu mmoja mwenye chombo cha usafiri. Kazi yake kubwa inaonekana ndogo: kupeleka maji na chakula mchana. Wakala mwenye njaa hutoka nje saa nane, na akirudi hajui karatasi ngapi zimetoka asipokuwepo. Au anapokea chakula kutoka kwa upande wa pili, na baada ya hapo anaona haya kupinga chochote. Posho nayo igawanywe mara mbili, sehemu asubuhi na sehemu kubwa wakala anapokabidhi nakala ya fomu iliyosainiwa. Ukimlipa yote asubuhi, usishangae jioni.

Mfuko wa wakala uwe na barua ya uteuzi na nakala yake, kitambulisho, kalamu mbili, daftari dogo, tochi au taa ya chaji, karatasi za kaboni mbili tatu, na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Simu yenyewe huenda ikakatazwa ndani ya kituo, au ikaisha chaji. Taa usiidharau, maana umeme una tabia ya kukatika wakati wa kuhesabu, na giza la dakika tano linatosha kwa mambo mengi.

Asubuhi, kabla ya mpiga kura wa kwanza

Fika nusu saa hadi saa nzima kabla ya kituo kufunguliwa. Ukifika baada ya sanduku kufungwa, umekwisha kukosa kitu ambacho hutakipata tena siku nzima: kuliona tupu. Februari 2011 uchaguzi wa meya wa Kampala ulisitishwa baada ya kukutwa masanduku yenye kura zilizokwisha tiwa alama, ukarudiwa Machi. Kwa hiyo sanduku lipinduliwe, lionyeshwe pande zote, kisha lifungwe kwa lakiri, yaani vifungo vyenye namba, mbele ya mawakala wote. Ukiona msimamizi anaharakisha, sema kwa utulivu: “Ndugu msimamizi, naomba namba za lakiri zisomwe kwa sauti tuziandike.” Ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa mbele ya watu.

Kabla foleni haijaanza kutembea, uwe na namba nne kwenye daftari lako: idadi ya wapiga kura walioandikishwa kituoni, idadi ya karatasi za kura zilizopokelewa, namba ya karatasi ya kwanza na ya mwisho, na namba za lakiri. Hizi ndizo mtaji wako. Wakala asiye nazo atabaki kubishana usiku kwa hisia.

Mchana kutwa

Kaa mahali unapoona meza ya daftari la wapiga kura na sanduku kwa pamoja. Kituturi, yaani kibanda cha kutilia alama, kisikuhusu, huruhusiwi kuona mtu anamchagua nani, na ukijaribu utatolewa. Kila mtu anapopewa karatasi, piga kijistari kwenye daftari, na kila cha tano kikate vinne vilivyotangulia. Kila baada ya saa moja andika jumla na saa.

Faida yake ni hii. Meza moja yenye makarani wa kawaida huhudumia watu 20 hadi 30 kwa saa. Ikiwa vijistari vyako vinaonyesha 25, 28, 22, halafu baadaye msimamizi anasema kati ya saa tisa na saa kumi walipiga watu 70 na wewe hukuona foleni, una saa, una namba, na una cha kuandika kwenye fomu ya malalamiko.

Mwangalie anayetoka kituturini bila kutumbukiza kitu. Inaonekana jambo dogo, karatasi moja tu, lakini hivyo ndivyo mnyororo unavyoanza. Mtu wa kwanza anatoka na karatasi tupu mfukoni. Nje kuna anayeitia alama na kumpa mtu wa pili. Wa pili anaingia na ile iliyotiwa alama, anapokea yake tupu, anatumbukiza ya mfukoni, anatoka na tupu. Anakabidhi, analipwa. Karatasi moja iliyotoka saa mbili asubuhi inaweza kununulia kura za watu thelathini hadi jioni, na kwenye hesabu itaonekana pungufu ya karatasi moja tu. Dawa yake ni karani wa sanduku kumtazama kila mtu hadi karatasi iingie. Pale ambapo karatasi hugongwa muhuri inapotolewa, muhuri wa nyuma utazamwe kabla ya kutumbukiza, bila kuikunjua. Mtu akitoka bila kutumbukiza, mwambie msimamizi hapohapo na uandike saa.

Wanaosaidiwa kupiga kura, yaani wazee, wasioona na wasiojua kusoma, wahesabu kando. Wawili watatu kwa saa si ajabu. Lakini mtu mmoja akionekana anamsindikiza “shangazi” wa nne, pinga. Kura za posta au za walio mbali, kama zipo, nazo zinahitaji wakala wake wa pekee, maana hazipiti mikononi mwako. Miami mwaka 1997 Xavier Suarez alitangazwa mshindi wa umeya, na Machi 1998 mahakama zikautengua ushindi huo kwa sababu ya udanganyifu katika kura za wasiokuwepo, Joe Carollo akarudishwa ofisini. Vituoni kwenyewe tatizo halikuwa kubwa kiasi hicho.

Kituo kinapofungwa: hesabu kabla ya kufungua sanduku

Hapa ndipo penye uzito wote, na ndipo haraka inapoanza. Kila mtu anataka kujua nani kashinda. Wewe taka kwanza kujua kura ngapi *zinapaswa* kuwa ndani ya sanduku, kabla halijafunguliwa. Tuchukue kituo cha mfano.

Walioandikishwa ni 438. Karatasi zilizopokelewa ni vitabu 9 vya karatasi 50, jumla 450, namba 18451 hadi 18900. Jioni, karatasi ya kwanza isiyotumika ni 18742. Maana yake zimetoka 291 na zimebaki 159. 291 na 159 ni 450, sawa. Wapiga kura wanne waliharibu karatasi zao, wakazirudisha na kupewa nyingine. Hizo nne zimefungwa kwenye bahasha yao. 291 toa 4 ni 287. Daftari la wapiga kura linaonyesha alama kwenye majina 287, na vijistari vyako ni 287.

Basi sandukuni hazipaswi kuzidi 287. Zikitoka 286, mtu mmoja aliondoka na yake. Andika, na kumbuka habari ya mnyororo. Zikitoka 288, simamisha kuhesabu. Karatasi moja ya ziada ina maana kuna iliyoingia bila kutoka mezani, na pakiwa na moja huenda ziko na nyingine zilizofidiwa na waliokwenda na zao. Omba zote zitazamwe nyuma, muhuri na namba kama zipo, kabla ya kupangwa kwa majina ya wagombea.

Karatasi 159 zilizobaki zifungwe kwenye bahasha yenye lakiri sasa hivi, kabla ya kufungua sanduku. Zikiachwa juu ya meza wakati wa kuhesabu, ni kura 159 zinazosubiri mtu.

Ikiwa siku hiyo kuna uchaguzi wa udiwani pia, masanduku mawili yatakuwa na karatasi zilizopotea njia. Zipangwe kwa rangi kwanza, za umeya zipelekwe kwa umeya, halafu ndipo jumla ihesabiwe. Kituo kikihesabu sanduku la umeya bila kutafuta za kwake kwenye sanduku la pili, hesabu itapungua kwa kura tano sita, na watu wataanza kushukiana bure.

Kuhesabu

Karatasi ikunjuliwe, ionyeshwe kwa wote, isomwe, iwekwe kwenye rundo la mgombea. Aishikaye asiwe na kalamu mkononi, na mikono ya shati ikunjwe. Kuna hila ya zamani ya kuficha kipande cha risasi ya penseli chini ya ukucha: anayehesabu anapitisha kidole kwenye jina la pili na kura nzuri inageuka ya alama mbili. Ukiona kura zilizoharibika za mgombea mmoja zina alama ya pili hafifu, mahali palepale, kama mkwaruzo, umeipata hiyo hila.

Marundo yafungwe hamsini hamsini au ishirini na tano, na kila furushi lipitiwe mara ya pili na mtu mwingine. Kosa la kawaida ni furushi la A lenye karatasi kadhaa za B katikati, au furushi la “50” lenye 48. Omba kulishika pembeni na kulipekua kwa kidole gumba kama karata huku mwingine akiangalia alama. Furushi la hamsini linamalizika chini ya dakika.

Kwa kura zenye utata, kanuni inayotumika sehemu nyingi ni nia ya mpiga kura: alama ikionyesha wazi amemtaka nani, kura ni halali hata kama alama imetoka nje kidogo ya kisanduku au ni duara badala ya vema. Inayokataliwa ni ile isiyo na alama, yenye alama kwa watu wawili, isiyo na muhuri wa kituo, au yenye jina au saini inayomtambulisha mpiga kura. Soma kanuni ya mji wako na uende na ukurasa huo umechapwa. Na uwe na msimamo mmoja: ukidai duara likubaliwe kwa mgombea wako, dakika tano baadaye litakuja duara la mpinzani. Wakala mwenye kigeugeu hupoteza sikio la msimamizi, na usiku huo sikio la msimamizi ndilo silaha pekee uliyo nayo.

Wingi wa kura zilizoharibika si lazima uwe hila. London mwaka 2021 karatasi ya umeya ilikuwa na wagombea 20 waliopangwa kwenye safu wima mbili, na mpiga kura alitakiwa kuonyesha chaguo la kwanza na la pili; kura zaidi ya 100,000 za chaguo la kwanza zilikataliwa. Ukiiona karatasi ya namna hiyo mapema, fedha ya mabango ihamishiwe kwenye kufundisha watu kutia alama.

Fomu

Turudi kituoni petu. Sandukuni mmetoka na 286: A 131, B 102, C 46, jumla halali 279, zilizoharibika 7. 279 na 7 ni 286. Hesabu inafunga.

Sasa fomu ijazwe kwa wino, tarakimu na maneno. Maneno ndiyo kinga: “46” hugeuzwa “146” kwa mstari mmoja wa kalamu, lakini “arobaini na sita” haigeuki. Nafasi zisizo na kitu zipigwe mstari, na aliyepata sifuri aandikiwe “sifuri”. Kosa lolote likatwe kwa mstari mmoja, liandikwe upya pembeni na wote watie saini hapo. Fomu yenye wino wa kufutia ni fomu ya mashaka.

Kuna kipimo cha wahasibu kinachofaa sana hapa. Jumla zikikataa kufunga na tofauti inagawanyika kwa 9, tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi. 131 ikiandikwa 113, tofauti ni 18. 46 ikiandikwa 64, ni 18 tena. Tofauti ikiwa 50 kamili, furushi limesahaulika au limehesabiwa mara mbili. Ikiwa 1 au 2, rudia marundo.

Usisaini fomu tupu “ili tumalize baadaye”, hata msimamizi awe rafiki yako. Usigome kusaini pia kwa sababu tu mgombea wako ameshindwa. Mara nyingi sheria inasema kukosekana kwa saini ya wakala peke yake hakubatilishi matokeo, kwa hiyo kugoma kunakunyima nakala na hakumnyimi mtu kitu. Ukiwa na pingamizi, jaza fomu ya malalamiko kabla ya kusaini, kwa saa na namba: “Saa 12:40 jioni, karatasi 288 zimetoka sandukuni, zilizotolewa ni 287, msimamizi amekataa kuzitazama muhuri.” Maneno kama “kulikuwa na wizi mkubwa” hayasaidii mahakamani.

Dai nakala yenye saini halisi. Kama picha inaruhusiwa, piga pembe zote nne za karatasi zionekane, jina la kituo lisomeke, bila mwako wa taa kufunika tarakimu. Halafu tuma ujumbe mfupi wa maneno pia, kwa mpangilio mmoja kwa mawakala wote: kituo, A131 B102 C46, halali 279, haribika 7, jumla 286. Picha hukwama mtandao unapozidiwa, ujumbe mfupi hupita. Kisha tazama fomu ikibandikwa nje ya kituo, na msindikize msimamizi na vifaa hadi kituo cha kujumlishia. Njiani ndiko fomu hubadilika.

Chumba cha kujumlisha

Makao ya mgombea yawe na watu wawili wanaoingiza kila fomu kila mmoja kivyake, na mashine ilinganishe. Fomu moja ikiingizwa na mtu mmoja tu, baada ya saa sita usiku makosa ni lazima. Panga vituo vya kutazamwa kwanza: vyenye kura zaidi ya walioandikishwa, vyenye mgombea aliyepata sifuri mahali ana mawakala na ndugu, vyenye kura zilizoharibika mara mbili tatu ya vituo vya jirani, na vilivyochelewa bila sababu ya umbali.

Istanbul, Machi 31, 2019, ndio mfano wa kusomea kazi hii. Shirika la habari la serikali liliacha kutoa matokeo mapya kwa saa nyingi za usiku, mgombea wa chama tawala, Binali Yıldırım, akiwa amekwisha jitangaza mshindi. Timu ya Ekrem İmamoğlu, mgombea wa upinzani, ilikuwa na fomu zenye saini kutoka vituoni, katika mji wenye vituo zaidi ya 30,000, na akawa anasoma takwimu zake usiku kucha. Alishinda kwa tofauti ya kura zipatazo 13,000. Mwezi Mei tume ya uchaguzi ikafuta uchaguzi huo, sababu mojawapo ikiwa baadhi ya wasimamizi wa vituo hawakuwa watumishi wa umma kama sheria ilivyotaka. Uliporudiwa Juni 23 alishinda tena, na tofauti ilikuwa kama 800,000. Kwa mawakala hapo kuna jambo la kuongeza kwenye daftari la asubuhi: jina na wadhifa wa msimamizi wa kituo, maana linaweza kuwa kesi baadaye.

Na hata pasipo mwenye nia mbaya, linganisha jumla kuu. New York, Juni 2021, katika kura za awali za chama cha Democratic za kumpata mgombea umeya, ofisi ya uchaguzi ilitoa hesabu ya mizunguko (anayeshika mkia huondolewa na kura zake kupewa chaguo linalofuata) ikiwa na kura za majaribio zipatazo 135,000 zilizosahaulika kwenye mfumo. Kosa lilionekana kwa sababu jumla ya kura ilikuwa imeruka kwa zaidi ya 100,000 kulinganisha na usiku wa uchaguzi. Mwishowe Eric Adams alimshinda Kathryn Garcia kwa kura 7,197.

Asubuhi yake, kusanya nakala halisi zote, zipange kwa namba ya kituo, na daftari la kila wakala libanwe pamoja na fomu yake. Hesabu siku za kufungua pingamizi kuanzia tarehe ya kutangazwa matokeo. Huenda zikawa chache, na siku za mapumziko nazo huenda zikahesabiwa. Fomu zinazokosekana zifuatwe siku hiyohiyo, kabla mawakala hawajarudi kwenye shughuli zao na makaratasi hayajaanza kufungiwa vitu nyumbani.